Kuendesha gari Oman: ukipigiwa taa kwa nyuma, pisha tu

Kila ndugu akija Maskati kutoka Bongo, akishaona zile barabara pana lami haina hata shimo, anasema nipe funguo mi naendesha. Sawa, funguo hizi hapa, ila kaa kwanza nikwambie, maana watu wa huku wastaarabu sana lakini barabarani wana mambo yao.

Huku tunapita kulia na usukani uko kushoto. Hilo utalizoea, shida iko kwenye mikono. Kijiti cha indiketa na cha waipa vimebadilishana nafasi ukilinganisha na gari zetu zile za Japani, kwa hiyo kila ukitaka kukata kona waipa zinaanza kufagia kioo, jua linawaka nyuzi 42 wingu hakuna, na wa nyuma yako hajui kama unakata kona au umechanganyikiwa. Kwenye kipilefti angalia kushoto, gari zinatokea huko na zilizo ndani ndio zenye haki.

Sasa haiwei. Nyingi spidi ya mwisho ni 120, na ile leni ya kushoto kabisa ina wenyewe. Unaenda zako 120, hujavunja sheria ya mtu, ukicheki kioo unaona Land Cruiser nyeupe kinukta tu kule mbali, kufumba na kufumbua imejaa kioo kizima na inakupiga fulu. Kwetu mtu akikupigia taa anakutonya trafiki yuko mbele, au anakwambia pita. Huku ikitoka nyuma maana yake toka. Usianze kubishana kimoyomoyo eti mi niko kwenye spidi halali, washa indiketa ya kulia (sio waipa) umpishe. Mbele kidogo kwenye kamera utamkuta huyohuyo anatambaa mpole kama bi harusi, akishaipita tu hayupo tena. Na ukiona gari zote mbele zimewasha hazadi ghafla ujue foleni imesimama, punguza mwendo na wewe uwashe wa nyuma aone.

Ila kinachonifurahisha kuliko vyote ni kofi shopu. Muomani hashuki kwenye gari kwa ajili ya chai. Anasimama mbele ya duka, honi moja fupi, kioo kinashuka nusu AC isitoke, vinatokeza vidole viwili yaani vikombe viwili, na kijana wa Kihindi anakuja mbiombio na karak, ile chai ya maziwa, kwenye vikombe vya karatasi. Baisa (senti za huku) 100 au 200, mchezo umeisha. Usiku pande za Seeb au Al Khuwair zinajazana hapo gari kibao, na wewe uliyepaki vizuri kwenye mistari ndio umezibiwa humo ndani. Usipige honi kwa hasira! Pale honi ni oda, utaletewa chai. Shuka, mfuate aliyekuziba dirishani kwake, salamu kwanza, hujambo, nyumbani wazima, ndio umwombe akupishe. Akikuonyesha vidole vyote vitano vimekusanywa vinatazama juu sio tusi, anasema subiri kidogo, na kweli atasogea.

Tusi lenyewe au ishara mbaya ya mkono barabarani huku ni kesi polisi, kwa hiyo ile tabia yetu ya kurushiana maneno na konda wa daladala iache huko huko. Na usijidanganye kwamba ukitukana kwa Kiswahili hamna atakayeelewa. Yule mzee wa kanzu na kofia kwenye gari la pembeni inawezekana kabisa kazaliwa Unguja, atashusha kioo taratibu akuulize, "Mwanangu, wewe mtoto wa nani?" Mpaka jioni mjomba wako wa Mabela kashapigiwa simu.

Gari lioshe, likiwa chafu kupita kiasi unaweza kulimwa faini, sitanii. Na ukitaka kupanda mlima wa Jebel Akhdar usihangaike na kigari kidogo, polisi wako pale chini kwenye kizuizi, bila foo wili hupandi.

Kwenye wadi, yaani mito mikavu ya huku, ndio masihara yanaishia. Mvua inanyesha milimani wewe huku uko kwenye jua, halafu mkondo mkavu unashuka maji ghafla. Utaona wengine wanavuka na gari zao kubwa huku wanajirekodi. Wewe simama, subiri yapungue hata kama ni masaa. Watu wanakufa humo kila mwaka, na kuvuka makusudi wadi ikiwa imejaa ni kosa la kukupeleka jela.

Ukienda Salalah kipindi cha khareef, msimu wa manyunyu, kuanzia Juni hivi mpaka Septemba, ni kama kilomita 1,000, sehemu kubwa jangwa tupu. Nenda mchana. Ngamia usiku haonekani mpaka umemfikia, miguu mirefu kwa hiyo ukimgonga mwili wote unakuja kwenye kioo, na ukipona bado kuna mwenye mali anakuja kuuliza ngamia wake imekuwaje.