Maswali ya Wasomaji: Sheria chuo binafsi, au sosholojia chuo cha serikali?

SWALI: Kijana wangu amepata nafasi mbili. Chuo cha serikali kimempa sosholojia, miaka mitatu, ada 1,000,000 kwa mwaka. Chuo binafsi kimempa sheria, miaka minne, ada 1,600,000 na michango mingine 250,000. Anataka sheria. Baba yake anasema tuuze kiwanja. Tufanyeje?
Mama wa watoto wawili, Babati

JIBU: Hongera, mama. Kabla hamjagusa kiwanja, kaeni na karatasi muandike gharama za mwaka mzima, maana ada ni sehemu tu. Chumba cha mtaani cha 60,000 kwa miezi kumi ni 600,000, na wenye nyumba wengi hutaka miezi sita kwa mkupuo. Chakula cha 7,000 kwa siku 240 ni 1,680,000. Vitabu na kuchapa kazi, 200,000. Bima ya afya ya mwanafunzi imekuwa ikilipiwa 50,400, na TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, hutoza 20,000 ya udhibiti wa ubora. Ukijumlisha na ada pamoja na michango, chuo binafsi ni 4,400,400 kwa mwaka, yaani 17,601,600 kwa miaka minne.

Sosholojia, kwa maisha yale yale na tukiweka michango iwe sawa, ni 3,800,400 kwa mwaka, yaani 11,401,200 kwa miaka mitatu. Tofauti ni 6,200,400. Lakini angalieni inakotoka: ada kubwa ya chuo binafsi imechangia 1,800,000 tu kwa miaka mitatu. Zilizobaki, 4,400,400, ni za mwaka wa nne. Urefu wa kozi ndio unaowagharimu zaidi.

Na kwa sheria safari haiishii hapo. Anayetaka kuwa wakili Tanzania Bara anapitia Law School, yaani mafunzo ya uanasheria kwa vitendo, mwaka mwingine wenye ada yake, na huko wa vyuo vya serikali na wa vyuo binafsi hufanya mtihani mmoja. Matokeo yaliyozua mjadala mwaka 2022 yalionyesha watahiniwa 633, waliofaulu moja kwa moja wakiwa 26 tu. 342 walitakiwa kurudia mitihani na 265 waliondolewa. Kwa hiyo nendeni chuoni mkaulize: wahitimu wenu wangapi walifaulu Law School, na kwa awamu ngapi? Walimu wangapi ni wa kudumu? Mahakama ya mfano, ya wanafunzi kufanyia mazoezi ya kesi, inaendeshwa kweli, au ni chumba chenye kibao mlangoni? Chuo kisichoweza kujibu swali la kwanza, sisi tusingekipa pesa zetu.

Mkopo wa HESLB, Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, unaombwa hata kwa chuo binafsi. Kiwango cha juu cha chakula na malazi kimekuwa 10,000 kwa siku, kwa hiyo akipata bumu (hiyo pesa ya kujikimu) kamili, chumba na chakula vinalipika. Tatizo ni kwamba wengi hupewa asilimia fulani tu ya ada, na bumu la kwanza huja baada ya usajili na kusaini. Aende na pesa ya kula ya wiki sita. Asiposaini kwa wakati, fedha hurudi Bodi.

Ushauri wetu: kama chuo kimejibu vizuri na mna ada ya miaka miwili mkononi bila kuuza kiwanja, aende sheria. Kama ada yote inategemea kiwanja, subirini kwanza mgawo wa mkopo. Balaa kubwa tunaloliona ni mwanafunzi kukwama mwaka wa tatu: hajamaliza ada, anazuiwa mtihani, anaona aibu, anarudi nyumbani kimya kimya, na chuo kinamdisko, yaani kinamwondoa masomoni. Ikifika huko aandike barua rasmi ya kuahirisha masomo kabla ya mitihani. Akikubaliwa, nafasi yake na matokeo yake vinabaki.

Jambo la haraka: aliyechaguliwa zaidi ya chuo kimoja lazima athibitishe kimoja kwa namba ya siri anayotumiwa, kabla ya dirisha kufungwa.

SWALI: Nitajuaje chuo binafsi ni halali?
Msomaji, Kahama

JIBU: Usiishie kwenye jina la chuo. Fungua mwongozo wa udahili wa TCU wa mwaka huu, utafute kozi yenyewe na kampasi yenyewe. Mwaka 2017 TCU ilizuia vyuo 19 kudahili wanafunzi wapya, vikiwemo vilivyokuwa na majina makubwa. Kwa udaktari, uuguzi, famasi au uhandisi, uliza pia baraza au bodi ya taaluma kama inawasajili wahitimu wa kozi hiyo. Shahada isiyosajilika kwenye baraza haikuingizi wodini.

SWALI: Mkopo hurejeshwaje? Aliyesoma chuo binafsi hulipa zaidi?
Mwanafunzi wa kidato cha sita, Songea

JIBU: Kiwango cha makato ni kile kile kwa wote, ila deni lako ni kiasi ulichokopeshwa. Aliyeajiriwa hukatwa 15% ya mshahara wa msingi. Aliyejiajiri hulipa 10% ya kipato chake kinachotozwa kodi, isipungue 100,000 kwa mwezi. Una hadi miezi 24 baada ya kuhitimu kuanza kulipa. Ile tozo ya 6% ya kulinda thamani ya mkopo, iliyokuwa ikivimbisha deni kila mwaka, ilifutwa 2021.