Roho yangu inakataa, nifanyeje?

SWALI: Dada, mi nesi wodi ya watoto, Morogoro. Kaletwa mtoto wa miaka 2 kaungua miguu, mlezi anasema kakanyaga beseni la maji moto. Siamini kabisa.

JIBU: Mdogo wangu, mtoto akikanyaga mwenyewe anaruka, maji yanatapakaa, alama zinakuwa ovyo ovyo, sasa kama miguu yote miwili imeungua sawasawa kama kavaa soksi na mstari pale kuungua kunapoishia umenyooka, inawezekana kabisa kuna mtu kamshikilia ndani ya maji. Mcheki na masikio, mgongo, uzito, uone kama kuna dalili nyingine za kuumizwa au kutotunzwa, uliza kaungua lini maana kuchelewa kumleta nako kunasema kitu. Usimgombeze mlezi, andika maneno yake vilevile kwenye faili, mwambie daktari na afisa ustawi wa jamii leo leo kabla mtoto hajaruhusiwa, simu ya watoto 116 ni bure.