Mwigizaji wa filamu ya Elsa

SWALI: Shikamoo mhariri. Babu husema yule Mwingereza wa filamu ya simba Elsa aliacha sinema kwa ajili ya ndovu. Ni kweli? (Msomaji, Umoja, Nairobi)

JIBU: Marahaba. Babu hajakosea sana, ingawa Virginia McKenna hakuacha kuigiza kabisa. Alizaliwa London mwaka 1931, akaja Kenya na mumewe, Bill Travers, kuigiza Born Free, iliyotoka 1966. Baadaye waliigiza hapa hapa na mtoto wa ndovu, Pole Pole, aliyepelekwa kwenye bustani ya wanyama London. Miaka ikapita, wakaenda kumwona. Walipomwita jina, akawanyoshea mkonga. Hapo mimi hutokwa na machozi! Pole Pole alikufa 1983. Mwaka uliofuata wakaanzisha shirika la kutetea wanyama waliofungiwa, ambalo leo ni Born Free Foundation. Mwambie babu.