Uhandisi mwaka wa kwanza: mtafutieni kitanda karibu na wenzake

Swali la wiki hii linauliza, mtoto akichaguliwa uhandisi mwaka wa kwanza, akae bweni la chuo au mzazi ampangie chumba mtaani. Wazazi wengi nikiongea nao wanalijibu kwa hesabu ya hela, wengine kwa hofu ya tabia, bwenini atakutana na makundi, mtaani ataingiza watu chumbani. Mi nilisoma uhandisi wa umeme Mlimani, yani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pale CoET, ndaki yake ya uhandisi, na mwaka huu mdogo wetu wa mwisho anaanza uhandisi wa ujenzi, na nilichomwambia mama nyumbani ndo hiki ninachowaandikia: angalieni kwanza usiku atasomea wapi na atasoma na nani. Hela inafuata, tabia inafuata.

Uhandisi sio kozi ya kusikiliza lekcha mbili ukarudi kulala. Ratiba inaanza saa moja asubuhi na siku nyingine inakupeleka mpaka saa moja usiku, katikati kuna matundu ya lisaa limoja au mawili ambayo hayatoshi kurudi nyumbani hata ukikaa Sinza. Kuna hesabu, matriksi na kalkulasi, kuna statiksi, kuna droingi, kuna karakana ambako unavaa ovaroli unasimama mbele ya jiriwa na tupa mkononi unakwangua kipande cha chuma mpaka kikubaliane na kipimo, na kuna maabara ambazo kila moja ina ripoti yake, na ripoti hazisubiri umalize za wiki iliyopita. Alafu testi mara nyingi zinawekwa jioni au Jumamosi maana ndo muda ambao madarasa yanapatikana.

Mlimani alama 40 ni za koziweki, yani testi, asaimenti, ripoti na vitu kama hivo, na 60 ni za mtihani wa mwisho, UE. Wazazi wanaiangalia UE peke yake kwa sababu kwao wanakumbuka Necta, mtihani mmoja unaamua, lakini hapa mtu aliyekusanya 32 kwenye koziweki akitaka kufika 50 anadaiwa 18 tu kwenye UE, na aliyekusanya 14 anadaiwa 36, na hao wawili walikaa darasa moja na lekchara mmoja. Tofauti yao mara nyingi ilitokea kati ya saa mbili usiku na saa sita usiku, wiki ya tatu, ya tano, ya nane, wakati mmoja yuko kwenye kimbweta, yani meza na benchi za nje za kusomea, na wenzake na mwingine yuko kwenye daladala.

Naomba wazazi mnielewe hapa, kuna vitu havisomeki peke yako ukiwa mgeni. Chukua droingi. Unapewa umbo, unatakiwa ulichore linavoonekana mbele, juu na ubavuni, na ukikosea mstari mmoja uliojificha nyuma karatasi nzima inaharibika. Shule nyingi za Form Six hazijawahi kumfundisha mtu hilo somo, anatoka na PCM yake, fizikia, kemia na hesabu, nzuri kabisa lakini rula ya T anaishika kwa mara ya kwanza chuoni, na pembeni yake amekaa mtu aliyepitia shule ya ufundi, Ifunda au Moshi, ambaye anachora bila wasiwasi. Huyo wa ufundi akiwa chumba cha jirani, jambo ambalo lingekuchukua usiku mzima anakuonyesha kwa dakika kumi, na wewe kesho yake unamwonyesha kalkulasi ambayo kwake ni mlima. Ukikaa mbali na watu wa darasa lako hiyo biashara haifanyiki, unabaki na madesa, yani majibu na notsi za wenzako, uliyotumiwa kwenye simu, na desa linakupa jibu bila kukuambia mtu alifikaje hapo. Kwa wasichana nasisitiza zaidi, darasani kwetu tulikuwa wachache, na mwenye kukaa mbali alilazimika kuondoka kwenye diskasheni saa moja jioni kabla giza halijakolea wakati wengine ndo kwanza wanafungua madaftari.

Sasa bweni. Vitanda havitoshi, hili kila anayekijua chuo analijua. Aprili 2017 yalifunguliwa mabweni mapya ndani ya eneo la chuo yaliyojengwa na TBA, Wakala wa Majengo wa serikali, majengo 20 ya kuchukua wanafunzi 3,840, watu wakayaita Magufuli hosteli, na yalisaidia sana, lakini foleni ya wanaotaka kitanda haikuisha, na kubebana kunaendelea, yani mwenye kitanda anamchukua asiye nacho wanalala wawili kwenye futi mbili na nusu. Simshauri mtu aingie chuo akitegemea kubebwa muhula mzima, lakini wiki mbili tatu za mwanzo wakati chumba kinatafutwa nimeona kumeokoa wengi. Na wazazi jueni kwamba bweni sio jina moja. Mabibo ni bweni la chuo ila liko nje, asubuhi unagombania gari na ukirudi usiku unagombania tena, na ubao wa kuchorea ukiwa begani konda anakuangalia kama umebeba mlango. Kati ya kitanda Mabibo na chumba cha kawaida Msewe au Changanyikeni ambako mtu anatembea kwa miguu hadi darasani, kwa mwanafunzi wa uhandisi mimi ningemshauri Msewe, hata kama choo ni cha kushirikiana na wapangaji wengine. Kitanda cha ndani ya chuo kikipatikana, chukueni hicho msijadiliane.

Kundi ambalo halisemwi kabisa, na kwa maoni yangu ndo lina shida kubwa kuliko yote, ni wale wanaokaa kwa ndugu. Mtoto anatoka Kigoma au Rukwa, nyumbani wanasema ana baba mdogo Gongo la Mboto, ana shangazi Mbagala, kwanini alipe kodi. Sina neno baya kwa shangazi, shangazi anatoa chakula, anatoa kitanda, mtoto akiugua yupo wa kumpeleka hospitali. Lakini Mbagala mpaka Mlimani kwa lekcha ya saa moja asubuhi maana yake aamke saa kumi alfajiri, na jioni foleni inamfikisha nyumbani saa tatu usiku, anakuta kuna vyombo, kuna wadogo wa kuwasaidia homuweki, na meza ya kulia chakula ambayo ndo meza pekee ina tv mbele yake. Hawezi kumwambia shangazi azime, adabu haimruhusu. Hawezi kusema leo nalala chuo kwenye diskasheni, atasikika kama amepata uhuru vibaya. Matokeo yakitoka ana sapu nne, yani mitihani ya kurudia, na nyumbani wanasema mjini kumemharibu, wakati mtoto hakuwahi hata kwenda ufukweni. Jamani wazazi, kama lazima akae kwa ndugu, piga simu wewe mwenyewe kwa huyo baba mdogo umweleze kwamba kozi hii ina kazi za usiku na kuna siku hatarudi, usimwachie mtoto wa miaka kumi na tisa akalieleze hilo peke yake mbele ya watu wazima. Na weekendi aende kwa shangazi kusaidia, kula na kusalimia, hapo kila mtu anapata haki yake.

Kwenye hela nako kuna mahesabu ambayo hayapangani. Tangu mwaka wa masomo 2022/23 Bodi ya Mikopo inampa aliyepata kiwango kamili 10,000 kwa siku ya chakula na malazi, na boom, yani hiyo hela ya mkopo ya kujikimu, linaingia kwa mafungu ya siku 60, hivo fungu ni 600,000. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita mkononi. Tuseme chumba ni 80,000 kwa mwezi, miezi sita ni 480,000, dalali naye anataka mwezi wake mmoja, jumla 560,000. Amebaki na 40,000 za kula miezi miwili na hajanunua godoro. Na mwaka wa kwanza boom lenyewe likichelewa ndo hatari zaidi. Kwa hiyo kama ni mtaani, wapange wawili au watatu na wawe wa kozi moja au zinazofanana, sio rafiki wa sekondari anayesoma kitu kingine ambacho ratiba yake inamruhusu kupiga mziki saa nne usiku wakati wewe una testi kesho.

Mkienda kuangalia chumba dalali atawaonyesha tiles na feni. Nyie ulizeni luku ni ya nani na inagawanywaje, maana nilipopanga mimi mwenye nyumba alikuwa anazima umeme wa vyumba vya nyuma saa nne usiku akisema wanafunzi tunamaliza uniti, na kodi alishapokea. Ulizeni maji yanatoka siku gani. Tembeeni njia ile usiku, sio mchana, muone ina taa au ni kichochoro. Na meza, tafadhali, meza kubwa iliyonyooka, fundi wa mtaani anaitengeneza kwa bei nafuu kuliko kabati la nguo ambalo wazazi wengi wanaanza nalo, droingi haichorwi kitandani na ripoti haiandikwi ukiwa umelala kifudifudi. Maktaba mpya ya chuo iliyofunguliwa Novemba 2018 inakalisha watu 2,100 kwa pamoja na ni nzuri sana kwa kusoma, ila huwezi kutandaza karatasi kubwa na kubishana kwa sauti pale, ndo maana bado tunahitaji vimbweta na vyumba vyetu.

Wanaosema apange mtaani ajifunze maisha nawaheshimu, ila uhandisi ni miaka minne, maisha atajifunza kuanzia mwaka wa pili akishajua ratiba ya chuo ikoje na kundi lake ni lipi. Waliochaguliwa DIT, Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam iliyoko katikati ya mji, kidogo wana nafuu kwa kuwa kituo cha mabasi ya mwendokasi kiko pale pale chuoni, mtu wa Kimara anafika, japo asubuhi kubanana ni kule kule.

Jambo la mwisho ambalo wengi linawakuta wameshalipa: baada ya semista ya pili kuna PT, mafunzo kwa vitendo ya wiki 8, na mtoto anaweza kwenda kuyafanyia Tanga, Mtwara au popote alipopata nafasi. Ukilipa miezi sita Novemba na mingine sita Mei, chumba cha Dar kinakaa kimefungwa na kodi inaendelea, huku yeye anatafuta pa kulala Tanga. Mkataba wa pili ombeni wa miezi mitatu. Wenye nyumba wa karibu na chuo wanaijua kalenda ya wanafunzi, wengine watakataa, wengine wanakubali mkiongea nao mapema, Machi au Aprili, sio wiki ile ya kuhama.