Mnyaa na Jamaa Zake Bustanini

SWALI: Ndugu Mhariri, hapa Dodoma maua yangu hunyauka kila kiangazi. Je, nijaribu mimea ya jamii ya mnyaa?
Msomaji, Dodoma

JIBU: Ndugu msomaji, jaribu, kwani mingi ya jamii hiyo, iitwayo yuforbia, huhifadhi maji katika mashina na hivyo huvuka miezi ya Mei hadi Novemba ambayo Dodoma hupata mvua kidogo mno. Kwa urembo ningechagua ile ya miiba yenye asili ya Madagaska, ambayo huchanua sana juani, mradi udongo usituamishe maji, maana huozeshwa mizizi na umwagiliaji wa kupita kiasi kuliko kuuawa na ukame. Kipandikizi kikauke kidonda kwa siku kadhaa kabla ya kupandwa. Utomvu wake mweupe hudhuru macho; vaa glavu.