Niletee samaki anayekufa, si aliyekufa

Barua za safari hii nyingi zina uchungu ndani yake: mtu amelisha samaki miezi mitano, kisha asubuhi moja anajikuta anaokota mizoga. Nimechagua nane. Zilizofanana nimezijibu pamoja.

Daktari, nilipeleka maabara sato sita waliokufa kwenye kizimba changu. Walikuwa wamegandishwa vizuri kabisa, lakini nikaambiwa hawatasaidia sana. Nimeumia, maana nilisafiri nao mbali. (Mfugaji wa vizimba)

Pole sana, ndugu yangu. Lawama si yako. Ni sisi watafiti tunaochelewa kuwaeleza wafugaji mambo haya kabla msiba haujatokea.

Samaki akifa kwenye maji ya uvuguvugu, bakteria waliokuwa utumboni mwake hawangoji. Baada ya saa chache wamesambaa kwenye ini, bandama na figo. Nikiotesha sampuli hapo nitapata bakteria wa kila aina, nisijue yupi muuaji na yupi amekuja matangani tu. Mashavu huharibika mapema zaidi, dakika chache baada ya kifo. Kugandisha nako kuna kasoro yake: maji yaliyomo ndani ya seli hugeuka barafu na kuzipasua, kwa hiyo nikikata kipande chembamba cha ini nikakiweka chini ya hadubini, naona uji. Kipimo cha PCR bado kinawezekana kwa samaki aliyegandishwa, kwa sababu chenyewe kinatafuta vinasaba tu. Lakini PCR hujibu lile swali moja uliloiuliza: je, kirusi fulani kimo? Kimefanya nini humo ndani, haisemi.

Ninayemtaka ni yule anayezubaa kando ya wavu, ameacha kula, rangi imemkolea weusi, ukimsogelea hakimbii. Niletee wanne au watano wa namna hiyo, na wawili wazima wa kulinganisha. Nikiweza, kazi naifanya palepale ukingoni. Namweka samaki kwenye maji yenye mafuta ya karafuu ya kutosha, mpaka apoteze fahamu kabisa na mashavu yaache kupiga. Nampangusa ubavu kwa spiriti, nampasua kwa mkasi uliopitishwa motoni, nasogeza matumbo, natoa lile puto la hewa. Hapo, imeshikamana na uti wa mgongo, inaonekana figo, utepe wa rangi ya damu nzito. Nagusa sehemu yake ya mbele kwa kitanzi cha waya na kuchora kwenye sahani ya agari, yaani rojo la kuoteshea bakteria. Sahani hiyo siiweki kwenye nyuzi 37 kama wafanyavyo hospitali. Ya samaki wa maji ya joto naiweka kwenye nyuzi 28, kwa kuwa kimelea cha samaki kimezoea joto la samaki. Kipande cha kila kiungo kinaingia kwenye fomalini ya asilimia 10, na fomalini iwe mara kumi ya ujazo wa kipande. Kingine kinaingia kwenye ethanoli kusubiri PCR.

Kama hakuna mtaalamu wa kuja kwako, mfunge samaki huyo mzimamzima kwenye mfuko wa plastiki, mlaze juu ya barafu, usimtie kwenye friza, umfikishe siku hiyohiyo.

Jioni samaki wangu walikula vizuri. Alfajiri nikakuta mamia wanaelea. Ugonjwa gani unaua kwa kasi hii?

Huenda hakuna ugonjwa. Usiku mimea na mwani wa bwawani havitoi oksijeni, vinaitumia pamoja na samaki, kwa hiyo kabla ya jua kuchomoza ndipo oksijeni huwa chini kuliko saa zote. Tazama waliokufa: wakiwa wengi ni wakubwa, midomo wazi, na waliosalia wanahema juu ya maji, anza na kipimo cha oksijeni, maabara baadaye. Ugonjwa wa kuambukiza mara nyingi hupanda ngazi: leo watatu, kesho wanane, keshokutwa thelathini. Ila usiufute kabisa, kwa sababu samaki aliyeharibiwa mashavu na vimelea hushindwa na upungufu wa hewa ambao mwenzake mzima angeuvumilia.

Shikamoo mwalimu. Kwa utafiti wangu wa shahada nimepima sato wazima kwa PCR na nimekuta kirusi cha TiLV, kile kinachoshambulia sato, kwa baadhi yao. Je, niandike kwamba nimegundua chanzo cha vifo vya eneo hilo? (Mwanafunzi)

Marahaba, mwanangu. Usiandike hivyo. Andika kwamba umekuta vinasaba vya kirusi, kwa samaki wangapi, kwenye viungo gani, na kwamba samaki hao hawakuonyesha dalili. Hilo pekee ni jambo la maana. TiLV ilielezwa kisayansi mwaka 2014 huko Israel, baada ya vifo vikubwa vya sato, na mwaka 2018 watafiti waliripoti kuikuta kwa PCR katika Ziwa Victoria, upande wa Uganda na wa Tanzania, kwa samaki wasio na dalili. Linganisha na Ziwa Volta nchini Ghana, mwaka huohuo wa 2018: sato wa vizimba walikufa kwa wingi, na waliochunguzwa walikutwa na kirusi kingine kiitwacho ISKNV. Pale palikuwa na kirusi, palikuwa na vifo, na tishu chini ya hadubini zilikuwa na madhara yake. Wewe mpaka sasa unacho kimoja kati ya hivyo vitatu.

Nikupe mfano ninaoupenda kuliko yote katika fani hii. Mwaka 2009 kamba wa mabwawa nchini China walianza kufa wakiwa wachanga, katika wiki chache za kwanza baada ya kupandikizwa. Vifo vikaenea hadi Vietnam, Malaysia na Thailand. Wengine walishuku kirusi, wengine sumu kwenye maji au kwenye chakula. Mwaka 2013 timu ya Donald Lightner wa Chuo Kikuu cha Arizona, Marekani, ikaonyesha kuwa muuaji ni bakteria, Vibrio parahaemolyticus. Sasa fikiria: bakteria huyo anajulikana miaka mingi, yumo baharini kila mahali, na kamba wengi wanaishi naye bila kudhurika. Mtu angeweza kumkuta kwenye kamba aliyekufa akampita kama mwenyeji wa hapo. Siri ilikuja kuonekana kwenye kipande kidogo cha DNA cha duara, plasmidi, kinachobebwa na baadhi yao tu. Ndani yake zimo jeni mbili za sumu, pirA na pirB. Sumu hiyo huzibandua seli za kongosho-ini la kamba, kiungo chake cha kumeng'enya chakula, mpaka zinadondoka. Jina la bakteria ni lilelile, ila mmoja amebeba silaha na mwingine hana. Ndiyo maana naumia nikisoma ripoti inayoishia kwenye jina la kimelea.

Ukitaka kuthibitisha, fuata njia ya Robert Koch, yule daktari Mjerumani wa bakteria: kitenge kimelea, kiingize kwa samaki mzima, ugonjwa uleule utokee, kisha ukitenge tena. Kuchoma sindano tumboni ni rahisi, lakini sindano inaruka ngozi na ute, ambavyo ndivyo ngao za samaki. Kwa hiyo jaribu pia kuwaogesha kwenye maji yenye kimelea, au kuchanganya wagonjwa na wazima kwenye tangi moja. Tangi la kulinganisha lisikosekane. Na nakuomba kwa dhati: samaki akishashindwa kuogelea wima, mmalize kwa dawa ya usingizi. Usimwache ateseke mpaka afe ili upate namba ya kujaza kwenye jedwali.

Mnatukataza antibayotiki, na mimi nilipotumia vifo vilipungua. Mbona mnatubana?

Sikatazi, naomba upime kwanza. Kama ni kirusi, dawa hiyo haikigusi, na vifo vilipungua kwa sababu waliokuwa wa kufa walishakufa. Kama ni bakteria, kumbuka samaki mgonjwa huacha kula. Dawa uliyochanganya na chakula inaliwa na wazima, iliyobaki inayeyuka majini na kuwafundisha usugu bakteria waliomo. Norwei mwaka 1987 ilitumia karibu tani 50 za antibayotiki kwa samaki wa kufugwa. Chanjo zilipokuja, hasa za miaka ya mwanzo ya 1990, matumizi yalianguka, na miaka ya karibuni ni chini ya tani moja, ilhali wanavuna zaidi ya tani milioni moja za samaki kwa mwaka. Chanjo hizo hazingekuwepo kama watu hawakuwa wamekaa kuotesha bakteria wa kila shamba na kuwatambua mmojammoja.

Na kamba, wanachanjwa?

Hapana. Kamba hawana kingamwili wala kumbukumbu ya kinga kama ya samaki. Kinga yao ni mbegu safi iliyopimwa na maji yaliyodhibitiwa.

Nimechomwa na mwiba wa samaki mgonjwa, na mkono umevimba. Je, ugonjwa wao unaweza kunipata?

Nenda hospitali leo, na umwambie daktari kwamba unashika samaki. Asipoambiwa hatafikiria. TiLV haijaonekana kumwambukiza binadamu, lakini bakteria ni habari nyingine. Mwaka 1995 na 1996 huko Toronto, Kanada, watu walivimba mikono baada ya kuandaa samaki wabichi, wengi wakiwa sato. Aliyewaumiza alikuwa Streptococcus iniae. Yuko pia Mycobacterium marinum, anayependa joto la nyuzi 30 hivi, ndiyo maana hukaa vidoleni na mikononi. Kidonda chake huja polepole na dawa yake huchukua miezi. Singapore mwaka 2015 ilikumbwa na mlipuko wa Streptococcus agalactiae uliohusishwa na kula samaki wabichi wa maji baridi. Vaa glavu nene, na kidonda kibichi kisiingie bwawani.

Kabla ya kununua vifaranga, nipime wangapi? Muuzaji anasema watatu wanatosha.

Watatu hawatoshi. Kama ugonjwa umo kwa asilimia 5 ya vifaranga, unahitaji kama 60 ili uwe na uhakika wa asilimia 95 wa kumpata japo mmoja. Ukiwa umo kwa asilimia 2, wanafika 150. Maabara inaweza kuwaunganisha watano watano kwenye kipimo kimoja ili gharama ipungue. Wachukuliwe pande zote za tangi, na wale dhaifu wa pembeni wasirukwe.

Mimi niko mbali na maabara yoyote. Nina bwawa na simu tu. Naweza kusaidia utafiti?

Unaweza, dada yangu, tena sana. Nunua daftari. Kila asubuhi andika waliokufa wangapi na wa ukubwa gani, joto la maji, chakula walichokula na walichokiacha, na kitu chochote kilichoingia: maji mapya, vifaranga, wavu wa kuazima. Mfungue shavu samaki mgonjwa, mpige picha kwenye mwanga wa asubuhi, na uandike tarehe.

Nina nakala ya daftari moja kama hilo, mistari imeparuzwa kwa penseli. Kwa siku kumi na moja safu ya vifo ina sifuri. Siku ya kumi na mbili imeandikwa "wavu wa jirani", siku ya kumi na tisa "wawili, macho yametoka", na kuanzia hapo namba zinaongezeka kila siku. Nilipofika pale na vifaa vyangu, nilikwenda kwanza bwawani kwa jirani.