Mvuvi alimaliza kipindi akihadithia dhoruba

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nafundisha Hisabati Darasa la Sita hapa Kigoma mjini, si mbali na Kibirizi. Kila semina tunaambiwa tuhusishe somo na mazingira ya mtoto, basi nikamwalika mzee mmoja mvuvi aje kunisaidia mada ya asilimia. Akahadithia dhoruba alizonusurika ziwani mpaka kengele ikalia. Watoto walifurahi, asilimia hawakuijua, na mwalimu mkuu akaniuliza nani atafidia kipindi kile. Niache?

JIBU: Marahaba mwanangu. Usiache, ila mzee wa watu usimlaumu. Umemsimamisha mtu mzima mbele ya darasa zima bila kumpa swali, ulitaka afanye nini?

Mimi nilivurunda kuliko wewe. Nilipoanza kazi niliwapeleka watoto mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, nikidhani tukifika tu somo litajitokeza. Wawili walirudi na mgebuka wa kukaanga mkononi. Mmoja hakurudi kabisa: alimkuta baba yake anashusha dagaa, akabaki kumsaidia. Daftari zote tupu, na langu pia.

Tangu sera ya Elimu ya Kujitegemea ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1967 tunahubiriwa kwamba shule isijitenge na jamii. Nimesimamia shamba la shule miaka mingi, na sikumbuki siku hata moja tuliyoyapeleka mavuno darasani tukayapima.

Sasa, nenda kwanza peke yako kwa akina mama wanaoanika dagaa. Mama anayenunua mbichi lazima ajue, kabla hajaanika, atabakiwa na kiasi gani. Asipojua, mtaji unakwenda. Samaki mbichi ni maji kama robo tatu ya uzito wake, na hiyo ndiyo asilimia yako, iko juani kila siku. Nunua kilo moja, mpime darasani kwa mizani ya kuazima dukani. Anikeni juu ya wavu, si mchangani, maana mchanga una uzito nao utawadanganya. Funikeni kwa chandarua chakavu, kunguru wa huko unawajua. Pimeni tena kesho jioni, na keshokutwa.

Hapo ndipo umwite mama. Watoto watakuwa na hesabu yao mkononi, na watataka kujua yeye hukadiriaje bila mizani. Niliyemwona mimi alikuwa anachota kiganja, anakitikisa karibu na sikio. Dagaa wakigongana kama kokoto, wamekauka. Wakiwa kimya, anawarudisha juani. Na akishajibu, mwache aende zake, ana biashara.

Mwalimu mkuu naye mfungulie daftari la mahudhurio. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na mwezi ukiwa mpevu taa haifui dafu, kwa hiyo mitumbwi hulala ufukweni. Waambie watoto waweke tarehe za utoro kando ya kalenda ya mwezi, wachore grafu. Darasani kwangu wavulana wa madawati ya nyuma walijaa siku za mbalamwezi, giza likirudi nao hao, wameyeyuka. Nilichelewa sana kuligundua hilo. Baada ya hapo mada zote ngumu, sehemu, asilimia, riba, nikawa nazingojea mbalamwezi. Andalio langu la somo halikusema kwa nini, na mkuu wangu hakuwahi kuuliza.